Dubai ya Miguu na Dubai ya Magari

Hakuna mji wa Kiarabu unaotajwa barazani kwetu pwani siku hizi kuliko Dubai. Wazee wetu walizoea kutaja Maskati, Mukalla, Shihri na Adeni, kwani huko ndiko zilikotoka na kurudi jahazi za musimu. Kijana wa leo wa Majengo au Kisauni akitaka kukisifu kitu hukiita cha Dubai: simu ya Dubai, gari la Dubai, hata buibui la bibi harusi nalo sharti liwe limetoka Dubai. Na kila unapowadia wakati wa kuombwa kura, hakosekani mtu wa kupanda jukwaani na kuahidi kwamba Mombasa itageuzwa iwe Dubai. Makofi hupigwa. Mimi sina ugomvi na makofi hayo, ila liko swali ambalo bado sijasikia likiulizwa: Dubai ipi hiyo? Maana ziko mbili, moja imeifunika nyingine, na mtu aliyeketi ndani ya gari haoni ila moja tu.

Mwezi wa Novemba 2024 nilikaa huko siku tisa kwa mambo ya kifamilia. Niliweka nia tangu nyumbani kwamba sitakodi gari wala sitakubali kubebwa na jamaa, isipokuwa usiku. Nitakwenda kwa miguu, kwa chombo cha majini, kwa basi na kwa treni, kama aendavyo mtu asiyekuwa na gari. Kijana aliyenipokea, ambaye ni mtoto wa binamu yangu, alicheka. "Ami," akaniambia, "hapa hatembei mtu kwa miguu ila aliyekosa njia nyingine." Neno lake hilo nimelikumbuka sana, kwa sababu lina ukweli nusu, na ile nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwenye kutaka kuufahamu mji ule na aanzie kwenye khori. Ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuugawa mji wa zamani pande mbili, Deira upande mmoja na Bur Dubai upande wa pili, mfano wa Likoni na kisiwa cha Mombasa. Watu huvushwa kwa mashua ndogo za mbao ziitwazo abra. Mashua ina kijibanda cha kivuli, ubao wa kukalia katikati, na injini iliyo chini ya miguu ya nahodha. Nauli ni dirham moja, yaani kama shilingi 35 zetu, nayo hutolewa mkononi. Hakuna tikiti wala mlango. Ikijaa inaondoka, na dakika tano hivi baadaye umeshafika ng'ambo.

Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani wa neno hilo abra. Limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuvuka, na sisi tumelichukua zamani tukapata kuabiri na abiria. Nilipoketi pale katikati ya Mhindi mwenye mfuko wa vitunguu, Mfilipino aliyevaa sare ya hoteli na Muirani mzee mwenye tasbihi, nilijihisi niko mahali ninapopajua. Tofauti ni kwamba kwetu Likoni mwenda kwa miguu havushwi kwa pesa hata senti moja, lakini husimama juani akisongwa kama mzigo, ilhali pale hulipa dirham yake akaketi kivulini. Jambo hili nimelipima sana nisijue lipi bora.

Ukingoni, upande wa Deira, nilikuta majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, na mizigo imepangwa gatini: majokofu, magurudumu ya gari, magunia ya mchele na mashine za kufulia. Mengi huenda Iran na mengine Somalia. Mabaharia walikuwa wakipika chai juu ya sitaha. Nyuma yao, umbali wa barabara moja tu, yamesimama mabenki ya vioo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mji huu haukuzaliwa na mafuta kama wengi wetu tunavyodhani. Mafuta yalivumbuliwa Dubai mwaka 1966, wala hayakuwa mengi kama ya jirani yake Abu Dhabi. Khori ilikuwa imeanza kuzibwa na mchanga, na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyetawala tangu 1958 hadi alipofariki 1990, aliichimbisha baina ya 1959 na 1961 kwa pesa za kukopa kutoka Kuwait, ili vyombo vikubwa vipate kuingia. Bandari kwanza, mafuta baadaye. Wale wasemao kwamba Dubai imebahatika tu kuokota pesa ardhini hawajaisoma historia yake.

Kutoka kivukoni upande wa Bur Dubai, kwa miguu dakika kumi, kuna mtaa wa kale uitwao hivi leo Al Fahidi, na ambao wenyeji wa makamo bado huuita Bastakiya. Walioujenga walikuwa wafanyabiashara waliohama pwani ya Uajemi mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ushuru kuzidi kule kwao na kuondolewa huku, nao wakauita kwa jina la mji wao wa Bastak. Nyumba zimejengwa kwa matumbawe na jasi. Juu ya mapaa kuna minara ya mraba iliyo wazi pande nne, kazi yake ni kukamata upepo kutoka upande wowote uvumao na kuushusha chumbani. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukuta mmoja huutilia wa pili kivuli karibu mchana kutwa. Nilisimama katika kichochoro kimoja saa saba za mchana, nikaona tofauti ya joto kati ya hapo na barabara kuu ni kama tofauti ya jikoni na sebuleni.

Niliingia katika nyumba moja iliyofanywa maonyesho, nikainua macho darini, nikacheka peke yangu. Boriti! Boriti za mikandaa zilizopangwa moja moja, kama za nyumba yoyote ya Mkomani, Lamu. Wao huziita chandal, na watembezaji wageni hawafichi kwamba zilitoka Afrika ya Mashariki. Kwa vizazi vingi majahazi yalishuka kwa kaskazi yakaja kupakia boriti Lamu na katika delta ya Rufiji, kisha yakarudi nazo kwa kusi hadi Ghuba, ambako hakuna mti wa kuezekea. Urefu wa boriti ndio uliokipima chumba. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari ya upana unaozidi mita tatu hivi, vyumba vya Dubai ya kale vikawa virefu na vyembamba kama vyumba vyetu, na fundi wa Ghuba akajenga kwa kipimo cha mti uliokatwa kwetu. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, Waarabu wa Ghuba walikuwa wamekwisha kuzisahau. Wakati huo wakijenga kwa saruji na chuma.

Basi hiyo ndiyo Dubai ya kwanza, ya miguu na mashua. Lakini hakuna aishiye humo. Sehemu kubwa ya Bastakiya ilibomolewa katika miaka ya 1980, na iliyobaki ilinusurika kwa kelele za watu walioona thamani yake. Imekarabatiwa vizuri mno, imepakwa, imefagiwa. Kuna mikahawa, maduka ya picha, na nyumba za kuwafahamisha wageni mila za Kiarabu. Lakini sikusikia mtoto akilia, wala sikunusa kitunguu kikikaangwa. Ukuta haukuwa na kombo la maji machafu hata moja. Kwa mtu aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, ukimya ule unatisha kidogo. Lamu iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba watu bado wanaishi ndani yake. Hiyo ni tofauti ambayo haiwezi kununuliwa dukani, na sidhani kama sisi wenyewe tunaijua bei yake.

Dubai ya pili ilianza na daraja. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwenye kutaka kuvuka khori alipanda abra, au aizunguke jangwani. Daraja la Al Maktoum lilifunguliwa 1963, kisha mwaka 1975 ukafuata mtaro wa Shindagha upitao chini ya maji. Mwaka 1979 ndio uliomaliza kazi. Mwaka huo ilifunguliwa bandari ya Jebel Ali, umbali wa kama kilomita 35 kutoka kwenye khori, na mwaka huo huo likafunguliwa jengo la kituo cha biashara cha dunia, ghorofa 39, likiwa limesimama karibu peke yake mchangani. Watu walicheka. Baina ya khori na Jebel Ali ikanyooshwa barabara, nayo leo inaitwa Sheikh Zayed Road, na mji wote ukaja kujipanga pembezoni mwake kama shanga kwenye uzi. Mji uliokuwa duara ukawa mstari. Petroli ilikuwa rahisi, ardhi haikuwa na mwisho, jua ni kali, na serikali ina pesa. Mambo manne hayo yakikutana, mguu wa mwanadamu hauna tena kazi ila kukanyaga mafuta.

Nitatoa mfano. Siku ya nne nilikuwa upande mmoja wa barabara hiyo, na jengo nilikokuwa nikienda lilikuwa ng'ambo. Nililiona wazi, mlango wake na bawabu wake. Kwa macho ni hatua mia mbili. Katikati kulikuwa na njia za magari ambazo nilizihesabu hadi kumi na mbili nikaacha. Hakuna pa kuvukia; kuna uzio, na wakati huo mwenye kuvuka ovyo alitozwa faini ya dirham 400. Njia halali ni kutembea mpaka kituo cha Metro kilicho karibu, kupanda ngazi, kuvuka daraja lililofunikwa na lenye kiyoyozi, kushuka upande wa pili na kurudi kinyumenyume mpaka pale. Ilinichukua karibu nusu saa, na hiyo ilikuwa Novemba. Julai na Agosti, joto linapozidi nyuzi 40, mwendo huo si matembezi bali ni adhabu. Yule mtoto wa binamu yangu alisema kweli kwa upande huo.

Lakini lile daraja lina habari yake. Kabla ya Septemba 2009 halikuwapo. Mtu aliyetaka kuvuka aliita teksi impeleke mbele ageuze, alipe, ashuke upande wa pili! Metro ilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, watu walidhani wameletewa treni, kumbe wameletewa vivuko pia. Kila kituo kikawa daraja la wenda kwa miguu. Mstari wa kwanza, uitwao Mwekundu, una urefu wa kilomita 52 na unafuata barabara hiyo kubwa. Wa pili, wa Kijani, ulifunguliwa tarehe kama hiyo mwaka 2011 nao unapita katika mitaa ya zamani na chini ya khori yenyewe. Tawi jingine la kilomita 15 liliongezwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Expo, yaliyokuwa yafanyike 2020 yakasogezwa na maradhi ya korona hadi Oktoba 2021.

Treni hizo hazina dereva. Mbele kabisa kuna kioo kitupu, na utaona watu wazima wenye heshima zao wakikigombania kiti hicho kama watoto. Sitasema kama mimi nami nilikuwemo. Kuna behewa la wanawake na watoto, na mwanamume akiingia humo hutozwa faini ya dirham 100. Akila au kunywa ndani ya treni, hata kutafuna ubani wa kisasa, ni dirham 100 nyingine. Nauli ya karibu ni dirham 3, ya mbali kabisa ni 7 na nusu, na kadi moja iitwayo Nol hutumika kwenye treni, basi na tramu. Ukinunua ya siku nzima kwa dirham 20 unatembea utakavyo. Kwa nauli hiyo mgeni asiye na pesa huona kutoka juu ya reli kile ambacho mwenye teksi hakioni, kwa kuwa njia imeinuliwa hewani karibu safari yote ya Mstari Mwekundu. Kero moja ni majina ya vituo. Huuzwa kwa makampuni, na mkataba ukimalizika jina hubadilika, hata mwenyeji akuelekeze kwa jina la zamani na wewe usilione popote ukutani.

Kwenda Burj Khalifa nako ni kwa treni. Kutoka kituoni hadi kwenye soko kubwa lililo chini ya mnara kuna ujia wa karibu mita 800, wote umefunikwa na una viyoyozi, na sehemu nyingine sakafu inatembea yenyewe. Mnara una urefu wa mita 828 na ulifunguliwa tarehe 4 Januari 2010. Kupanda ghorofa ya 124 kulitaka zaidi ya dirham 150, na jioni bei inazidi. Sikupanda. Kilichonivutia mimi katika mnara huo ni suala la fiqhi. Ramadhani ya mwaka 2011, mwanachuoni mmoja mkubwa wa Dubai alieleza kwamba wakaao juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na wakaao juu ya ghorofa ya 150 wangoje tatu, kwa sababu wao bado wanaliona jua ilhali waliopo chini limekwisha kuwatulia. Alitoa mfano wa watu wa zamani waliokaa milimani. Basi katika nyumba moja kuna maghribi tatu. Nilipowasimulia haya wazee wa msikitini kwetu walipoteza nusu saa nzima kwa mabishano, na darasa la siku hiyo halikusomwa.

Mambo ya ibada hayana taabu kwa msafiri. Kila soko kubwa lina chumba cha kusalia na cha kutawadhia, wanaume mbali na wanawake mbali, na adhana husikika hata katikati ya maduka ya manukato. Ila siku ya Ijumaa imebadilika. Miaka ya mwanzo ya Metro, Ijumaa treni zilianza mwendo mchana, baada ya sala, kwani ilikuwa siku ya mapumziko. Januari 2022 Falme za Kiarabu zilihamisha mapumziko zikayapeleka Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikawa nusu siku ya kazi, na khutba ikapangiwa saa moja nchi nzima. Sababu iliyotolewa ni kwenda sambamba na masoko ya dunia. Wako waliofurahi na wako walionung'unika chini kwa chini. Nilichokiona mwenyewe ni vijana wakitoka maofisini mbio, tai shingoni, wakitandika miswala kando ya njia kwa kuwa msikiti umejaa, na baada ya salamu mbili wakirudi mbio vile vile. Ilinikumbusha Ijumaa za mjini Nairobi kuliko Ijumaa za Mombasa.

Sasa nifike kwa watu wenyewe. Dubai ina wakazi zaidi ya milioni tatu na nusu, na katika kila kumi, raia ni kama mmoja tu. Waliobaki ni wageni waliokuja kufanya kazi, na wengi wao hawana gari wala hawatakuwa nalo. Ndio wanaojaza Metro, na ndio wanaovuka kwa abra. Kundi kubwa zaidi hata huko hawapo, kwa sababu husafirishwa na mabasi ya kampuni, alfajiri kupelekwa kazini na usiku kurudishwa kambini. Kambi mashuhuri iko pembeni mwa mji, na watu huiita Sonapur, maana yake kwa Kihindi nchi ya dhahabu. Sijui ni nani aliyeipa jina hilo, lakini alikuwa na ulimi mkali. Sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa za mchana, kila mwaka tangu 15 Juni hadi 15 Septemba, nayo ni sheria nzuri. Ila saa zilizobaki jua halikupungua.

Nilikutana na mwanetu mmoja wa kutoka Kilifi, mlinzi wa jengo la maofisi. Aliposikia lahaja yangu alisimama wima akaniamkia, "Shikamoo mzee wangu," na tukasahau kabisa kama tuko ughaibuni. Ana miaka mitatu pale. Nilimwuliza ameona nini cha mji. Akafikiri. Alisema zamu yake ni saa kumi na mbili, na safari ya basi la kampuni kwenda na kurudi ni karibu saa tatu, kwa hivyo siku ya mapumziko hulala, hufua na kupiga simu nyumbani. Mnara huo anauona kila siku kutoka zamuni kwake, lakini hajawahi kufika chini yake. Khori je? Hapo aliangaza uso. Mara moja kwa mwezi, akishatuma pesa, huenda Deira na wenzake, wakanunua samaki, wakapanda abra kwenda na kurudi bila haja yoyote. "Dirham mbili tu, mzee," akaniambia, "na upepo wake ni kama wa kwetu." Katika mji ulioigharimu dunia mabilioni kuujenga, starehe aliyoweza kuimudu kijana huyu ni ile iliyokuwapo kabla ya bilioni ya kwanza.

Watawala wa Dubai si watu wa kulala. Wameona kwamba mji wa magari una mwisho wake. Tangu Julai 2007 magari hutozwa ushuru wa barabara katika malango yasiyo na mtu, na tangu mwishoni mwa Januari 2025 ushuru huo umepandishwa kutoka dirham 4 hadi 6 katika saa za msongamano. Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha mvua ambayo mfano wake haujaandikwa tangu kumbukumbu za mvua zilipoanza kuwekwa mwaka 1949. Barabara ile kubwa ikawa khori ya pili, magari yakaelea, uwanja wa ndege ukasimama, na baadhi ya vituo vya Metro vikafungwa kwa wiki kadhaa. Mchanga ulioezekwa kwa lami haukuwa na pa kuyanyonya maji. Mwezi mmoja baada ya mimi kurudi, Desemba 2024, ulitangazwa mpango wa njia za wenda kwa miguu, mpya na za kukarabatiwa, zenye jumla ya kilomita 6,500, pamoja na madaraja na mitaro 110 ya kuvukia. Inakusudiwa kwamba ifikapo 2040 robo ya safari zote za mjini zifanywe kwa miguu na baiskeli, ilhali mwaka huo wa mpango zilikuwa asilimia 13. Juni 2025 liliwekwa jiwe la msingi la mstari wa tatu wa Metro, wa Buluu, kilomita 30, unaotarajiwa kufunguliwa Septemba 2029. Gharama yake ni zaidi ya dirham bilioni 20.

Tazama basi mwendo huo. Mji ulikuwa na vichochoro vya kivuli na mashua ya dirham moja. Ukavibomoa, ukatandaza lami kwa miaka 40, na sasa unamwaga mabilioni kurudisha kivuli na mguu. Wao wana mabilioni hayo. Mwenye kutuahidi Dubai hapa kwetu hutuonyesha picha za ile miaka 40 ya katikati, minara na barabara za njia kumi na mbili, nami ninashuku kwamba hajapata kushuka garini alipokuwa huko. Mombasa tayari ina kile ambacho Dubai inakitafuta: kisiwa kidogo ambacho mtu anaweza kukikata kwa miguu kutoka Forodhani hadi Kilindini, miti ya mwembe na mkungu ya kujikinga jua, vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni vyenye watu ndani yake. Na tunavifanyia nini? Njia za miguu zimegeuka maduka na maegesho, miti hukatwa kila barabara inapopanuliwa, na katika Mji wa Kale magari huingia mpaka mama mwenye mtoto abanwe ukutani. Lamu, ambako punda ndiye alikuwa bwana wa njia, bodaboda zimekwisha kuingia, na tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa Mei 2021 ni wazi kwamba barabara kubwa zaidi zinakuja. Sisemi zisije. Nasema wanaozichora wapelekwe Dubai wiki moja, wanyang'anywe funguo za gari.

Kwa ndugu zetu wanaopitia huko wakienda Umra au wakirudi, na ambao wana visa na saa nyingi za kungojea ndege, nitawapa njia niliyoizoea. Kutoka uwanja wa ndege, vituo vya abiria nambari 1 na 3 vina Metro ndani yake; nambari 2 haina. Kata kadi ya Nol hapo hapo, panda Mstari Mwekundu hadi kituo cha Union, badilisha uingie wa Kijani, ushuke Al Ras. Ukitoka nje utasikia harufu ya karafuu na hiliki kutoka soko la viungo. Ifuate, na baada ya dakika chache utafika ukingoni penye abra. Shika dirham ya chuma mkononi, kwani nahodha hana muda wa kutafuta chenji.